Lenzi, hadubini, picha au taasisi: njia nne za kutambua tofauti za panchi ya mwaka kwenye sarafu kongwe za dhahabu

Pauni ya dhahabu ya Malkia Victoria ya mwaka 1843 ina upana wa milimita 22 tu, na kila moja ya tarakimu zake nne, zilizo chini ya shingo ya Malkia, haizidi upana wa punje ya mchele. Katika baadhi ya pauni za mwaka huo, nyuma ya tarakimu 3 mna mabaki ya tarakimu 2, kwa sababu muhuri wa kupigia sarafu ulioandaliwa kwa mwaka 1842 haukutupwa, ulipigwa 3 juu ya 2 ukaendelea na kazi. Aliye na pauni hiyo asijue anaweza kuiuza kwa bei ya uzito wa dhahabu yake. Anayedhani anayo, kumbe alichokiona ni kivuli cha taa, anaweza kulipa fedha nyingi kwa kitu ambacho hakipo.

Makala haya ni kwa ajili ya msomaji ambaye amekwisha kuamua kuichunguza sarafu yake, au sarafu anayotaka kuinunua, lakini amekwama katika kuchagua njia. Njia zinazotumika sana ni nne: lenzi ya mkono kama ile ya sonara, hadubini, picha zinazolinganishwa kwenye kompyuta, na kuipeleka sarafu kwenye taasisi ya kukagua na kupanga madaraja ya ubora. Kila moja ina watu inaowafaa, na kila moja ina mahali inapomwangusha mtu. Nimezitumia zote nne, na ninaloliamini ni kwamba mtu anapaswa kuanza na swali kabla ya kuanza na kifaa, kwa maana anayetafuta mwaka uliopigwa juu ya mwaka mwingine hahitaji kitu kile kile anachohitaji anayetaka kujua kama mwaka umekaa juu au chini.

Kwanza, tofauti zenyewe

Sarafu hupigwa kwa mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja wa kila upande, iliyochongwa sura kinyume. Zamani muhuri ulitengenezwa ukiwa na sura na maandishi, lakini mwaka uliongezwa mwishoni kwa nyundo na panchi, yaani kipande cha chuma chenye tarakimu kwenye ncha yake, muhuri mmoja baada ya mwingine. Mkono wa fundi haupigi mara mbili pale pale, na hapo ndipo tofauti nyingi zinapozaliwa.

Namna ya kupiga panchi ilibadilika, na mabadiliko hayo yanaeleza unachopaswa kukitafuta. Kiwanda cha sarafu cha Marekani kilichoko Philadelphia kilianza kutoa sarafu za dhahabu mwaka 1795, na hadi kufikia miaka ya 1840 tarakimu zilipigwa moja moja. Baada ya hapo zikaanza kutumika panchi za pamoja, yaani tarakimu zote nne kwenye kipande kimoja. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwaka ukahamia kwenye panchi kuu inayotengeneza muhuri mzima, na kazi ya nyundo ikaisha. Kwa hiyo, kwenye sarafu ya dola tano ya mwaka 1803, tarakimu moja inaweza kuwa imejirudia na nyingine zikawa safi. Kwenye sarafu ya mwaka 1880, panchi ya pamoja ikiteleza, tarakimu zote huhama kuelekea upande mmoja, na anayeiona moja tu imejirudia ana sababu ya kusita. Huko London mafundi waliendelea kupiga tarakimu, hasa ya mwisho, moja moja, na ndiyo maana pauni za Victoria zina utajiri mkubwa wa tofauti hizi.

Tofauti zote zinaingia katika mafungu matatu, nami nitayaita mahali, umbo na tabaka. Tofauti ya mahali ni pale mwaka mzima au tarakimu moja inapokaa juu, chini, kushoto, kulia au mshazari kuliko kwenye sarafu nyingine za mwaka huo. Tofauti ya umbo ni pale panchi zenyewe zinapokuwa za aina mbili, kubwa na ndogo, au 3 iliyofumba na 3 iliyofunguka. Sarafu za dola tano za mwaka 1842 ni mfano mzuri: zilizopigwa Charlotte, zenye herufi C, ni adimu zikiwa na mwaka mdogo, ilhali zilizopigwa Dahlonega, zenye herufi D, ni adimu zaidi zikiwa na mwaka mkubwa. Tofauti ya tabaka ni pale panchi ilipopigwa mara mbili, ama kwa tarakimu ile ile, ama kwa tarakimu ya mwaka mwingine.

Vigezo vya kulinganisha

Nimetumia vigezo vitano kwa njia zote nne. Cha kwanza ni kile ambacho njia inakionyesha vizuri kati ya mahali, umbo na tabaka. Cha pili ni uwezo wake wa kutenganisha tarakimu iliyopigwa mara mbili kweli na ile inayofanana nayo tu. Cha tatu ni usalama wa sarafu, kwa kuwa dhahabu ni laini na mkwaruzo haufutiki. Cha nne ni gharama na muda, pamoja na muda wa kujifunza. Cha tano ni uzito wa ushahidi mbele ya mtu mwingine, awe mnunuzi, mrithi mwenzako au sonara.

Kinachoonekana

Lenzi ya mkono inayokuza mara 10 inatosha kwa tofauti za umbo karibu zote. Chukua mwaka 1873 nchini Marekani. Mnamo Januari ya mwaka huo mkuu wa upigaji sarafu wa Philadelphia, Archibald Loudon Snowden, alimwandikia mkurugenzi wake, James Pollock, akilalamika kwamba tarakimu 3 katika panchi mpya zilikuwa zimefumba kiasi cha kufanana na 8. Panchi nyingine zikatengenezwa zenye 3 iliyofunguka, na ndiyo maana sarafu za thamani mbalimbali za mwaka huo zina aina mbili. Kwenye sarafu ya dola 20, yenye upana wa milimita 34, mtu mwenye macho mazuri huona tofauti hiyo bila kifaa chochote: vifundo vya ncha mbili za 3 iliyofumba vinakaribiana, na vya iliyofunguka vimeachana. Kwenye sarafu ya dola moja, yenye upana wa milimita 15, tarakimu ni ndogo mno na lenzi inakuwa ya lazima. Kwa upande wa tabaka, lenzi huonyesha yale yaliyo wazi. Dola tano zote za mwaka 1803 zinazojulikana zina 3 iliyopigwa juu ya 2, na anayeanza kujifunza hana shule bora kuliko kuitazama mojawapo. Dola 20 ya mwaka 1909 yenye 8 chini ya 9 nayo ni dhahiri, ingawa hiyo haikutokana na nyundo, ilitokana na muhuri mmoja kubanwa kwa panchi kuu mbili za miaka miwili tofauti. Udhaifu wa lenzi uko kwenye mahali: jicho linaona kwamba mwaka umeshuka, lakini haliwezi kupima umeshuka kiasi gani, wala kukumbuka sarafu uliyoitazama juma lililopita.

Hadubini inashinda katika tabaka. Ninayoizungumzia ni hadubini ya macho mawili, inayokuza kati ya mara 10 na 40, kwa sababu macho mawili ndiyo yanayoleta kina, na tabaka ni suala la kina. Ukiwa na mikono yote huru, unaizungusha taa taratibu kuizunguka sarafu, na mstari uliokuwa ukionekana kama mkwaruzo unageuka kuwa ukingo wa tarakimu ya zamani ulioinuka kutoka kwenye uwanja wa sarafu, yaani sehemu yake tambarare. Ipo pia hadubini ya kidijitali inayounganishwa na kompyuta kwa waya. Hiyo huonyesha taswira bapa isiyo na kina, lakini unaweza kuhifadhi unachokiona. Matangazo yanayodai kwamba inakuza mara elfu yasikuvutie, kwa kuwa kazi hii hufanyika kati ya mara 15 na 40, na zaidi ya hapo unaona punje za chuma tu, tarakimu inatoweka. Katika umbo hadubini ni sawa na lenzi. Katika mahali ni dhaifu, kwa sababu uwanja wake wa kuona ni mwembamba na uhusiano kati ya mwaka na sarafu nzima unapotea.

Picha zinazolinganishwa ndizo bingwa wa mahali. Unapiga picha ya sarafu yako kutoka juu kabisa, unatafuta picha ya sarafu ya mwaka huo huo yenye tofauti inayojulikana, kisha kwenye programu ya picha unaiweka moja juu ya nyingine, ya juu ukaipunguzia uzito hadi ile ya chini ionekane. Unazipanga kwa kufuata meno ya ukingo, yaani vinundu vidogo vinavyouzunguka uso wa sarafu, na ncha ya shingo, halafu unatazama mwaka. Ikiwa tarakimu zote zinaangukiana, huenda muhuri ni ule ule. Ikiwa 1 ya kwanza katika picha moja imesimama juu ya jino na katika nyingine juu ya pengo kati ya meno mawili, ni mihuri tofauti, na hakuna haja ya kubishana. Katika umbo picha ni nzuri vilevile. Katika tabaka zinategemea taa iliyotumika, na kwa kuwa hazina kina, haziwezi kuwa neno la mwisho.

Taasisi za ukaguzi, ambazo kubwa zaidi ni PCGS iliyoanza kazi mwaka 1986 na NGC iliyoanzishwa mwaka 1987, zote za Marekani, huona mahali, umbo na tabaka kwa pamoja, kwa kuwa wakaguzi wake wanatumia vifaa vyote hivi na wamekwisha kushika sarafu nyingi za aina moja. Mpaka wao ni orodha: kwa kawaida wanaandika kwenye kibandiko tofauti zile tu wanazozitambua. Ukigundua kitu ambacho hakimo katika orodha yao, sarafu yaweza kukurudia ikiwa na daraja lake na mwaka wake tu.

Kutenganisha kweli na kinachofanana na kweli

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu zaidi.

Katika familia yetu iko pauni ya mwaka 1872 yenye kipete kilichounganishwa na sonara ili ining'inie kwenye mkufu, kama zilivyovaliwa pauni nyingi katika pwani yetu na kule Oman. Niliipiga picha kwa simu usiku, chini ya taa ya dari, na kwenye picha ile tarakimu 7 ilikuwa na mwenzake upande wa kulia, waziwazi kabisa. Kwa siku kadhaa nilikuwa na furaha. Nilipoiweka chini ya hadubini nikaona kwamba yule mwenzake alikuwa ngazi bapa, kama kibaraza kilichochongwa pembeni mwa ukuta, na kwamba 7 yenyewe ilikuwa nyembamba kuliko inavyopaswa kuwa. Hiyo ni alama ya muhuri uliolegea kwenye mashine. Baada ya kupiga, muhuri uliteleza kidogo ukasukuma pembeni dhahabu ya tarakimu iliyokwisha kuumbika. Tofauti ya namna hiyo ni ya sarafu ile moja, haina uhusiano na panchi, na haiongezi thamani.

Tarakimu iliyopigwa mara mbili kweli kwenye muhuri ina dalili nyingine. Ile kuu inabaki na unene wake kamili, na ya pili inaongezeka nje yake. Mgongo wa ile ya pili ni wa mviringo kama wa tarakimu ya kawaida, hauwi bapa. Kwenye ncha na kona, pale tarakimu mbili zinapoachana, huonekana mpasuko mdogo kama mkia wa mbayuwayu. Jambo kubwa kuliko yote ni kwamba alama hiyo hujirudia kwenye kila sarafu iliyopigwa na muhuri ule, hivyo sarafu mbili zenye alama moja ni ushahidi mzito kuliko sarafu moja iliyochunguzwa mara mia. Kuna pia muhuri uliochoka kwa kazi: huo huzifanya kingo za tarakimu zivimbe na kufifia pande zote, mara nyingi kuelekea ukingoni mwa sarafu, bila mpasuko wowote kwenye kona.

Hadubini ya macho mawili inaongoza katika kigezo hiki, kwa kuwa ubapa na mviringo ni mambo ya kina. Lenzi inaweza, ila inadai jicho lililozoea, na inadai uigeuze sarafu robo mzunguko mara nne chini ya taa ile ile: kivuli kitahama, panchi haitahama. Picha ni za hatari, hasa za simu, kwa sababu programu ya simu huzinoa picha yenyewe bila kuulizwa, na kunoa huko huchora mstari mweupe kuzunguka kila ukingo, mstari unaofanana kabisa na tarakimu ya pili. Anayetumia picha azime unoaji huo ikiwa kamera inaruhusu, na apige picha zisizopungua nne, taa ikiwa upande tofauti kila mara. Hata hivyo picha zina faida ambayo hadubini haina: ndizo zinazokuwezesha kuona kama alama yako imejirudia kwenye sarafu nyingine iliyoko bara jingine.

Taasisi ni hodari hapa, lakini hata wataalamu hawakubaliani kila mara. Dola 20 ya mwaka 1853 inayoitwa tatu juu ya mbili ni mfano unaojulikana. Imeorodheshwa kwa miaka mingi, hutambuliwa kwa alama ndani ya 3 na kwa kinundu kidogo chini ya herufi R ya neno LIBERTY, na bado wako wanaosema kwamba kilichomo ndani ya 3 hakikuwa 2 kamwe. Kinundu kile kina funzo kubwa kwa kila njia. Usiikubali tofauti kwa tarakimu peke yake. Tafuta alama ya pili ya muhuri ule, mbali na mwaka. Kwenye pauni zenye ngao zilizopigwa London kati ya mwaka 1863 na 1874, wengi hudhani alama hiyo ya pili ni namba ndogo ya muhuri iliyoko chini ya shada. Namba hiyo iko upande wa ngao, na mwaka uko upande wa kichwa. Mihuri hiyo miwili iliweza kubadilishana wenzi, hivyo namba inayofanana haithibitishi kwamba mwaka umetoka kwenye muhuri mmoja.

Liko pia suala la bandia. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, pauni za bandia zilipigwa kwa wingi, zikiwemo za Milan na Beirut, na nyingine zilikuwa za dhahabu halisi yenye uzito sahihi wa karibu gramu 7.99, kwa hiyo mizani peke yake haikulindi. Muhuri wa bandia ulionakiliwa kutoka sarafu halisi hubeba kila kitu cha sarafu ile, pamoja na tofauti yake ya panchi, na kwa sababu hiyo kuiona tofauti hakuthibitishi kwamba sarafu ni halali. Tazama uwanja wa sarafu chini ya hadubini: vishimo vinavyofanana mahali pale pale kwenye sarafu mbili, au vijistari vilivyoinuka kama minyoo karibu na meno ya ukingo, ni dalili mbaya. Dola 20 bandia ya mwaka 1907 yenye mwinuko mkubwa inajulikana kwa herufi ndogo ya Kigiriki, omega, ambayo mtengenezaji aliificha katika ukucha wa tai. Na mara nyingine sarafu ni halali ila tarakimu imechongwa upya kwa mkono. Hapo uwanja unaoizunguka tarakimu hiyo utakuwa na mikwaruzo ya kifaa ambayo tarakimu jirani hazina. Kwa bandia na kwa uchongaji, taasisi na hadubini ziko mbele, lenzi inafuata, na picha ziko nyuma.

Usalama wa sarafu

Sarafu yoyote ya dhahabu ishikwe kwenye kingo, juu ya kitambaa laini kilichokunjwa, isije ikaanguka kwenye meza tupu. Isisuguliwe kamwe ili mwaka uonekane vizuri, hata kwa kitambaa, hata kama ni ya mkufu na imekwisha kuvaliwa.

Kwa lenzi, hatari ni ukaribu wa uso: usizungumze ukiitazama, kwa sababu tone dogo la mate huacha doa ambalo baada ya miaka huwa jekundu au jeusi kwenye shaba iliyochanganywa na dhahabu. Kwa hadubini ya macho mawili kuna nafasi ya kutosha kati ya kioo na sarafu, ila ile ya waya hulazimisha mdomo wake ukaribie sana na huweza kuigusa. Ishushe ukitazama kwa pembeni, usiishushe ukitazama kwenye kioo cha kompyuta. Picha ndiyo njia salama kuliko zote, kwa kuwa sarafu hulala mahali pamoja na kamera iko mbali nayo. Taasisi huirudisha sarafu ndani ya kifuko kigumu cha plastiki kinachoilinda kwa miaka mingi, lakini safari ya kwenda na kurudi ina hatari zake za kupotea na za forodha, na kwa msomaji aliyeko Dar es Salaam au Mombasa safari hiyo ni ndefu.

Gharama na muda

Hapa sitakaa sana. Lenzi nzuri ya mara 10 ni ya bei ndogo, na hudumu maisha yote. Hadubini ya waya inagharimu zaidi kidogo, na ya macho mawili inagharimu mara nyingi zaidi, ingawa zilizotumika hupatikana. Picha hazigharimu fedha nyingi kama una simu na kibano cha kuishikilia, ila zinakula muda: jioni nzima yaweza kuisha kwa sarafu mbili. Taasisi hutoza kwa kila sarafu, kisha huongeza ada ya kutambua tofauti, kisha usafirishaji na bima. Upande wa kujifunza, lenzi na hadubini zinadai miezi ya mazoezi ya macho, picha zinadai kujua programu moja vizuri, na taasisi haidai chochote kwako ila kujaza fomu ipasavyo na kutaja tofauti unayodhani ipo.

Uzito wa ushahidi mbele ya mwingine

Uliloliona kwa lenzi ni neno lako. Mnunuzi aliye mbele yako anaweza kuichukua lenzi akatazama mwenyewe, na kwa biashara ya ana kwa ana hilo linatosha kabisa. Ulichokiona kwa hadubini ya macho mawili kinabaki machoni mwako mpaka uwe na kamera ya kuiunganisha nayo. Ile ya waya, pamoja na udhaifu wake wote, huacha picha. Picha zilizopandishwa moja juu ya nyingine ni ushahidi ambao mtu aliye mbali anaweza kuupima hatua kwa hatua, mradi umeziweka na picha za awali zisizoguswa. Kibandiko cha taasisi kina uzito zaidi sokoni, hasa kwa mauzo ya nje, kwa sababu mnunuzi hamjui muuzaji ila anaijua taasisi. Mzozo wa kitaalamu ukiwepo, kama ule wa mwaka 1853, kibandiko humaliza suala la bei tu, na wachunguzi huendelea na lao.

Uchague nini, kwa hali yako

Ikiwa una pauni moja au mbili za urithi na unataka tu kujua kama zina jambo la kuzingatiwa kabla ya kuzipeleka kwa sonara, anza na lenzi ya mara 10 na taa ya mezani. Soma mwaka, soma herufi ndogo ya kiwanda ikiwa ipo, geuza sarafu robo kwa robo. Usipoona kitu baada ya dakika kumi kwa kila sarafu, huenda hakuna kitu kikubwa. Ukiona kitu kinachobaki pale pale taa ikihama, usiuze kwa uzito siku hiyo.

Ikiwa unanunua sokoni, dukani au kwenye maonyesho, ambako huna meza wala saa nzima, lenzi ndiyo inayoingia mfukoni. Beba pamoja nayo picha za tofauti tatu au nne unazozitafuta, usibebe orodha ya mia. Macho yaliyofundishwa 3 ya mwaka 1873 yakaifahamu vizuri huokota zaidi kuliko macho yaliyopitia kila kitu mara moja.

Ikiwa unakusanya pauni za Victoria zenye ngao, au dola za dhahabu za kabla ya mwaka 1840, ambako tarakimu zilipigwa moja moja na tabaka ni nyingi, hadubini ya macho mawili itakufaa kuliko fedha hiyo hiyo ukiitumia kununua sarafu moja zaidi. Ikiwa unachokusanya ni dola za dhahabu za panchi ya pamoja, za kati ya mwaka 1840 na 1907, ambako tofauti nyingi ni za mwaka mzima kupanda, kushuka au kulala mshazari, wekeza kwanza katika kupiga picha vizuri, na hadubini ije baadaye kwa ajili ya miaka michache kama dola mbili na nusu ya 1862 yenye 2 juu ya 1.

Ikiwa sarafu unayoipenda iko mbali, kwenye mnada ambao utaufuata kwa intaneti tu, picha ndizo pekee ulizo nazo. Mwombe muuzaji picha mbili za nyongeza, taa ikiwa upande wa kushoto na kisha wa kulia, na umweleze kwamba unataka upande wenye mwaka mzima pamoja na meno ya ukingo, isiwe picha ya tarakimu iliyokatwa peke yake. Asipokubali, ihesabu sarafu ile kuwa ya kawaida unapopanga bei yako.

Ikiwa bei ya tofauti ni kubwa kuliko bei ya sarafu ya kawaida kwa kiasi kinachozidi ada zote za taasisi na usafirishaji, na unakusudia kuuza au kugawana na ndugu, ipeleke. Kabla ya kuituma, pima uzito wake, ipige picha pande zote mbili, na uhakikishe kwamba tofauti unayoidai imo katika orodha ya taasisi hiyo. Pauni yenye kipete cha mkufu hukaguliwa pia, ila hesabu zake ni tofauti, maana alama ya kuunganishia hupunguza daraja, na mara nyingi hata tofauti adimu haiwezi kufidia. Mimi ile ya kwetu ya mwaka 1872 sikuituma.

Na ikiwa unachokishika ni ile rupia 15 ya dhahabu ya Wajerumani iliyopigwa Tabora mwaka 1916, katika karakana ya reli, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, usihangaike na tarakimu za mwaka. Tofauti yake inayotafutwa iko upande wa tai: pambo la kulia huishia ama chini ya herufi T, ama chini ya A ya kwanza ya neno OSTAFRIKA. Hilo ni swali la mahali, na jibu lake utalipata kwa lenzi ya sonara yeyote ukiwa umesimama dukani kwake.